Mtoto wa Nane

Solange na Huguette wameniletea meza ya bibi yao
toka Moulins, kwenye gari la kubebea viazi,
imevikwa blanketi, miguu yake minne imepinda
kama ya paa aliyesikia jani likivunjika.
Wanataka bei. Wanataka kugawana,
na meza haikatwi kama mkate.

Iacheni hadi Pasaka, niliwaambia.
Na malipo ya awali?
Tutaleta, walisema.

Sikuigusa kwanza. Niliinusa:
nta ya nyuki, moshi wa kuni, wino uliomwagika
enzi ya mfalme ambaye namba yake naisahau kila mara.
Kisha jua la dirishani likaulalia uso wake
nikaliona ua. Petali za mti mweupe, nyembamba kama ganda la kitunguu,
kila moja imechovywa ukingo katika mchanga wa moto
ikaungua kidogo, kidogo tu, kivuli kikazaliwa.
Ukihesabu hadi tatu, ni kivuli.
Hadi tano, ni mkaa.
Aliyelichoma ua hili alihesabu kwa pumzi.

Nikawavuta watoto wa meza, mmoja mmoja.
Saba.
Viungo vyao vya mkia wa njiwa vimeshikana
hata ukucha haupenyi.
Ila yule wa kushoto, wa chini,
amepungukiwa na nduguze vidole vinne.
Nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikauliza giza:
vidole vinne vimekwenda wapi?

Nyuma kulikuwa na ubao uliojifanya ukuta.
Nikaubonyeza pembeni. Ukaalika, taratibu,
kama ulimi unaoachana na kaakaa,
akatoka mtoto wa nane,
mtoto wa nje, asiyetajwa kwenye wosia.

Hakuwa na barua ya mapenzi. Hakuwa na dhahabu.
Alikuwa mtupu, amesuguliwa kwa ngozi ya papa
akalainika kuliko uso wa meza wenyewe,
huko ambako jicho halikualikwa.
Muhuri wa bwana mwenye karakana umegongwa kwa nyundo
chini ya fremu, herufi kubwa, kina cha kutosha.
Huku kitakoni mwa mtoto, kwa risasi ya penseli,
mwandiko wa mtu aliyefunzwa herufi ukubwani:

Baridi. Gundi haishiki. Bwana hajalipa.
Tiburce, Januari.

Nilicheka hadi paka akahama kiti.

Mthibitishaji wa mirathi amenitumia fomu.
Aina ya mbao. Hali ya kufuli. Idadi ya watoto wa meza.
Nimeandika: saba.

Nje theluji imeketi kwenye tandiko la baiskeli yangu.
Chungu cha gundi kimepoa, kimeganda kama uji wa jana.
Napuliza vidole, Tiburce.
Nawasha jiko.
Hao wawili nao hawajaleta kitu.