Mfuo wa Tatu

Jumamosi jioni, Masaki, Rwegoshora huzitandaza
juu ya mahameli mekundu:
bastola saba, kila moja na vazi lake.
Hii ya lulu. Hii ya shaba, imetiwa nakshi za vikonyo vya karafuu.
Hii mfupa wa ngamia
(pembe, huwanong'oneza wageni,
nami hunyamaza, nimeshalipwa).

Wageni huzinyanyua kwa ncha za vidole
kama wanapokeshwa kichanga.
Na risasi?
Za nini, hucheka, hawa ni mabibi harusi.

Ya saba niliivika mimi, kibandani Mwenge,
wiki tatu za tupa, msasa, nta,
halafu kipande cha kanga ya mke wangu
mpaka mpingo ukaanza kuniona.
Kiganja chake sikuwa nacho. Yuko Dubai,
anapiga simu tu: imefika wapi?
Nikapimia changu.

Leo ameishika chini ya taa, anaigeuza,
anaihamisha mkono, anairudisha.
Nzuri, Chilumba. Ila hainikai. Kwa nini hainikai?
Namwambia mpingo una kiburi, mzee,
mpe muda.

Simwambii ahesabu mifuo ya vidole.
Ni miwili.
Kidole changu cha pete kilibaki kwenye msumeno
mwaka ule Jangwani ilipojaa maji,
na mti hauchongi asiyekuwepo.

Saa nne wageni wanaaga.
Anaifuta, anailaza sandukuni,
anazungusha ufunguo mara mbili,
mkono wangu ukiwa ndani.