Mkono wa Kushoto

Saa nane na robo usiku, Mabela.
Esii imekata, ikashika tena.
Nimelala chali. Mkono wa kushoto
una mto wake, kama mgeni.

Ndani yake mshipa unavuma.
Tangu waliponiungia haujanyamaza:
mzinga wa nyuki chini ya ngozi.
"Uguse kila siku," Jisha muuguzi alisema,
"ukivuma, salama."
Kila siku, alisema.
Mimi naugusa kila robo saa.

Muhenna anakoroma chumba cha pili.
Nilimhamisha mwenyewe,
asinione nikijipapasa
kama aliyepoteza pete gizani.

Na kiu.
Fungu langu la maji lilikwisha magharibi.
Paani kwa jirani tangi limejaa, linamwaga,
maji yanateremka ukutani, ya bure, nayasikia tone kwa tone;
namlaani jirani, kisha namwomba radhi,
kisha namlaani.

Nafungua friji. Zabibu mbili zilizoganda.
Naziweka chini ya ulimi, siziumi.
Hazikati kiu. Zinakata dakika.

Kesho Alhamisi, saa moja, mashine.
Njia ya huko naijua.
Nisiyoijua ni ya hapa mpaka alfajiri,
na swali lilelile shingoni:
je, ukinyamaza nikiwa usingizini?

Haya, hofu. Kila usiku unakuja
na hujapata kukaribishwa.
Kaa. Lete kiganja.
Hapa, juu kidogo ya kiwiko,
usibonyeze.

Unasikia?