Daftari la Maji

Karani wa falaji, Nabhan bin Suwaid,
ameniwekea daftari juu ya gunia la ndimu kavu.
"Usilambe kidole ukifunua," ananionya.
Kijiji chetu hakikuandika waliozaliwa,
wala waliokufa.
Kiliandika maji.

Athari moja: nusu saa,
tangu nyota hii izame hadi ile ichomoze.
Babu alikuwa nazo mbili, usiku wa kuamkia Jumatatu.
Pembeni, wino mwekundu:
*Ameuza moja. Nauli ya Tabora.*

Miaka kumi na tisa, kurasa kimya.
Kisha: *Amerudi. Amekomboa.*
Na chini yake, mwandiko mwingine, umejibana
kama mtu aliyeombewa nafasi mkekani:
*Robo athari, ya mchicha, kwa yule mwanamke.*

Yule mwanamke.
Nyamizi binti Kasubi, bibi yangu;
jina ambalo shangazi alilitaja akitwanga tu,
mchi ukishuka juu yake.
Makaburini nako hawaandiki:
mawe mawili, mwanamume; matatu, mwanamke.
Nimeyahesabu matatu mpaka jua likaniuma shingo.

"Robo hiyo nani kairithi?"
Nabhan anatazama saa ya mkononi (nyota zilishastaafu).
"Hakuna. Haijauzwa, haijadaiwa."

Basi kila wiki, dakika saba na nusu,
maji ya Nyamizi hupita mferejini
yakanywesha mtende wa jirani.

Nimeomba kalamu.
Amenipa penseli.