Bakuli la Kirumba

Saruji tuliichanganya kwa makoleo mawili, moja la kuazima,
mchanga tukausomba kwa guta la baba yake Lushinge,
na kwa kuwa mtaa huu kila mahali ni jiwe
hatukulivunja jiwe. Tulilizunguka.
Ndiyo maana bakuli letu lina nundu upande wa ziwa:
ukiishukia kwa mwendo
tumbo linabaki juu, wewe umeshafika chini.

Mbao za magurudumu zilikuja saba, ndani ya kiroba,
na mgeni aliyekaa miezi mitatu akaondoka na malaria.
Sasa ziko nne. Magurudumu yameisha kama sabuni.
Beringi tunazichomoa kwenye drili mbovu,
Holo anaziosha kwa mafuta ya taa, anazipuliza,
anazisikiliza sikioni kama saa.

Sasa ugomvi.
Saruji laini, yenye joto, isiyo na mchanga:
mwanamke wa dagaa akiiona anaona kitanda.
Asubuhi moja tulikuta bakuli zima limegeuka fedha,
maelfu wamelala wanatazama mbingu,
na Mama Nyanzobe katikati na reki yake:
"Ninyi mnacheza. Mimi nakausha.
Nani kati yetu ana haraka?"

Wiki mbili hatukusalimiana.
Magamba yaliingia kwenye beringi.
Ubao wa Bwire ulinuka
mpaka paka wa Kirumba wakausindikiza nyumbani.

Mwezi ndio uliotupatanisha.
Ukiwa mpevu, karabai za wavuvi hazina kazi;
dagaa hafuati taa wakati mbingu nzima ni taa.
Bakuli linabaki tupu, jeupe, usiku kucha,
na sisi hatununui umeme.
Tukaandika kwenye daftari la hesabu la Minza:
giza la akina mama, mbalamwezi yetu.
Hakuna aliyetia saini.

Barua ilikuja Machi. Ilikuwa na muhuri, na neno "uvamizi".
Kiwanja ni cha umma, ilisema,
kwa hiyo umma uondoke.
Tulikwenda ofisini mara sita.
Mna katiba? Mna akaunti? Mlezi wenu nani?
Mara ya saba karani akauliza, kwa upole kabisa,
huo mchezo magoli yake yako wapi.
Holo akasema hauna magoli.
Karani akaandika: hauna.

Kijana wa halmashauri alikuja na kopo la rangi nyekundu
siku ya giza la mwezi. Hakujua. Angejuaje?
Akazunguka bakuli, brashi inadondosha,
akitafuta pa kuweka mguu.
Wanawake kumi na mmoja, reki kumi na moja,
wala hakuna aliyesimama.
"Piga X yako, mwanangu," alisema Mama Nyanzobe,
"ila kila dagaa utakayemkanyaga ana mwenyewe,
na mwenyewe ana marejesho Ijumaa."

Akazunguka tena. Jua likapanda.
Mwishowe akaipiga X kwenye jiwe,
lile lile, ambalo hata sisi
tulilizunguka.

Tulicheka siku hiyo. Mimi nilicheka kuliko wote,
halafu usiku nikahesabu vidole.

Maana leo mwezi ni mpevu,
reki zimeegemea ukutani,
na bakuli liko wazi kwa yeyote mwenye kopo.
Minza, miaka tisa, kofia ya pikipiki inamfika mabegani,
amesimama juu ya nundu kwa mara ya kwanza.
Hasemi kitu. Anasukuma ubao kwa kidole cha mguu,
mbele, nyuma.

Nipo langoni na tochi nisiyoiwasha.
Natega sikio barabarani, kama kuna gari.
Nyuma yangu magurudumu yanaanza,
yanakatika ghafla, hewani,

na bado sijageuka.