Ulezi

Januari, Guelph. Nje nyuzi hasi ishirini na mbili,
theluji imefika usawa wa dirisha,
nami humu kitaluni, chini ya vioo, natoka jasho.

Nakata mzizi wa ulezi.
Nauosha kwa dawa mara tatu, kwa maji mara tano,
hadi kisibaki kiumbe juu ya ngozi yake.
Nausaga. Tone moja nalipaka sahanini.
Siku ya pili, kutoka ndani ya kile nilichokisafisha,
wanachomoza: vidoa vya rangi ya mtindi.
Hawakuingia. Walikuwamo.

Utotoni niliambiwa
kikulacho ki nguoni mwako,
nikakua nikikung'uta nguo.
Hakuna aliyeniambia
kikulindacho ki wapi.

Bwana Veenstra ameleta mahindi matano kutoka Elora
ndani ya mfuko wa maziwa.
Ukungu wa waridi umekaa kati ya punje
kama fizi.
"Nguruwe wameyasusia," asema.
Namsogezea sahani. Anavua miwani, anainama.
"Hawa? Wadogo hivi?"
Wadogo hivi. Kuvu likibisha mzizini
wao ndio hutangulia mlangoni,
mmea hata haujajua kuna mgeni.
"Na wanalipwa nini?"
Sukari kidogo, nasema, na pa kulala.
Anacheka, kisha anaacha kucheka:
ana vibarua kumi na wanne kila Agosti.

Mahindi tuliyoyapaka vidoa hivi Novemba
yamesimama kwenye vyungu arobaini.
Kumi na kimoja vimekufa.
Anavihesabu mwenyewe, kwa kidole,
kama mtu asiyeamini daftari la mwingine.

Anataka kujua nafaka yenyewe tunaiitaje kwetu.
Ulezi.
"Maana yake?"
Ni jina tu, nasema. Halafu nasema: pia ni kazi ya kulea.
Neno ni moja. Sijui lipi lilianza.

Saa tano usiku. Kwamboka yuko kwa Bi Rosalind, ghorofa ya chini,
mwaka wa pili sasa, kila zamu yangu ya usiku.
Hapokei pesa. Juzi alikubali majani ya chai.
Ujumbe wake umeingia:
amekula, kikohozi kimeshuka, glavu moja imepotea.

Najaza daftari. Tarehe, joto, vyungu:
ishirini na tisa hai.
Safu ya mwisho inauliza sababu.
Kalamu imesimama hapo muda mrefu,
na vioo juu yangu vinalia kwa baridi.