Mshona Bendera wa Iztapa

Kila sulisuli anayenaswa na kuachiliwa
hupandishiwa bendera mlingotini,
kichwa chini miguu juu,
gati zima lijue: yule bado yu hai.
Bendera hizo nazishona mimi,
ketsali kumi moja, uzi wangu,
cherehani ya marehemu shangazi Obdulia ikikohoa.

Jana mashua ya Fermín ilirudi na kumi na tisa.
Wageni wakapiga kengele ya hoteli,
daktari wa meno akalia kwa furaha,
akatuonyesha viganja: malengelenge!
Mimi nilitazama mapindo. Mawili yamefumuka.

Sijawahi kumwona sulisuli akiwa hai.
Nimeshona mia nne.

Leo mmoja hakuzinduka.
Fermín alimshika mdomo, akamtembeza ubavuni mwa mashua
nusu saa, maji yakipita matamvuani,
kama mtu amrudishaye mlevi nyumbani.
Hakutaka nyumbani.
Akaletwa jikoni chini ya turubai, bila kengele.

Nililikunjua tanga la mgongo wake,
nikalipima kwa vidole kama kitambaa:
kijivu, rangi ya maji ya kufulia.
"Ndivyo alivyo?"
Fermín alikuwa akinawa mikono, mara ya pili.
"Akiwa na hasira," akasema, "huwa..."
Akatafuta neno. Akainamia kikapu changu,
akachambua nyuzi, mmoja, mwingine,
akatikisa kichwa.

Usiku huu nashona za kesho.
Buluu ile ile.
Ndiyo iliyopo dukani.