Daftari la Jumanne

Nimeshona sare za shule miaka thelathini na moja hapa Luanda,
nyuma ya stendi, pale harufu ya omena hutangulia wateja.
Kupima ndiyo kazi yangu. Kiuno, bega, mkono,
hata ile nafasi ya kukua ninayomwachia mtoto kwenye pindo.
Kwa hiyo siku niliyoambiwa nina sukari
sikulia. Niliuliza: ngapi?

Kumi na tisa, akasema kijana wa maabara,
kama anayetaja nauli ya mtu mwingine.

Kliniki ni Jumanne. Njooni bila kula, wakasema.
Tukaja bila kula.
Saa kumi na mbili tuko kwenye benchi, umande wa Emuhaya viatuni.
Dirisha la damu hufunguliwa saa tatu,
mashine huamka ikipenda,
na saa sita Mzee Andayi akateleza ukutani, polepole,
kama kitambaa kinachodondoka mezani bila mtu kukigusa.
Wakaandika kwenye faili: hafuati masharti ya dawa.
Mimi nilikuwa kando yake. Dawa alimeza.
Kilichokosekana ni uji.

Kuna sanduku la maoni pale, kufuli limeshika kutu.
Nilimuuliza mlinzi ufunguo uko wapi.
Akacheka: ulipata uhamisho pamoja na mwenyewe, uko Sabatia.

Basi nikanunua daftari, kurasa tisini na sita,
nikaandika.
Ayuma: kafika saa kumi na mbili kasorobo; damu, saa nne na nusu.
Ombima: kafika saa moja; ameambiwa arudi wiki ijayo, dawa za kupimia zimekwisha.
Binti wa Otenyo, mjamzito: katapika maji matupu.
Bibi mmoja asiyejua kusoma aliniinamia begani:
andika na mto. Nimevuka mto.
Nikaandika mto.

Wiki kumi na saba.

Daktari alikuwa mgeni, macho yake kwenye kompyuta.
Aliniuliza umri mara tatu, usoni hakunitazama hata mara moja.
Nikaweka daftari juu ya kibodi.
Akainua mikono kama mtu aliyemwagikiwa na chai.
Kisha akasoma. Akafunua. Akarudi nyuma, akasoma tena,
na alipogeuza kiti ndipo nikaona ana kovu kidevuni.
Nani alikutuma kufanya hivi?
Njaa, nikasema.

Sitadanganya kwamba mlima ulihama.
Kamati ilikaa mara tatu;
mara ya pili walitaka kujua nani aliniruhusu kutazama saa.
Ni Nesi Chelimo aliyesimama: ufunguo wa maabara ninao mimi,
saa moja nitakuwa nimefungua.
Sasa damu hutolewa saa moja, kwa namba,
na langoni Ayuma huuza uji wa wimbi usio na sukari,
tunaunywa huku tumekunja nyuso, tunachekana.
Vijiti vya kupimia bado huisha katikati ya mwezi.
Insulini bado naifuata Kisumu.
Mzee Andayi hakuuonja uji ule. Tulimzika Agosti.
Yuko ukurasa wa kwanza, saa sita na dakika kumi, kwa penseli.
Nimepitisha kalamu juu yake.

Daftari siku hizi halikai kwangu.
Linaning'inia kwa uzi wa kushonea vifungo,
kwenye msumari, chini ya lile sanduku.
Juzi nilikuta mwandiko nisioujua:
Choo cha wanawake hakina mlango. Fundi, tusaidie hata kitambaa.

Nilikwenda na futi yangu, nikapima.
Mita mbili kasoro kidogo, upana sabini na tano.
Kitambaa ninacho, kile cha kijani kilichobaki kwenye sare.
Sikukitoa.
Niliandika vipimo chini ya ombi lake,
na chini ya vipimo, kwa herufi kubwa,
MBAO.